Risasi ya Mukwamba na unga wa maabara

Tangu mwaka 2017, sheria mpya zilipokataza madini ghafi yasisafirishwe nje kabla ya kuchakatwa, hakuna kikao cha wachimbaji kinachokwisha bila suala la kuongeza thamani. Hivi karibuni nilikaa katika kikao cha namna hiyo Mpanda mjini. Msemaji mmoja alisimama akasema jambo ni rahisi: mawe tunayo, tununue mashine za kusagia, tuuze unga badala ya jiwe, na bei itapanda yenyewe. Alipigiwa makofi.

Ningependa iwe hivyo. Ila sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia mbele ya unga, unga mweupe au wa manjano hafifu ambao asiyejua angeudhania chokaa. Nikisikia mtu anataja unga, maswali hunijia hata nisipoyaita. Chembe zake zina ukubwa gani? Zote zinalingana? Atomu zimejipanga vipi ndani ya kila chembe? Ukiutengeneza tena mwezi ujao, utatoka uleule? Maswali hayo sikuanza kuyajulia chuoni. Nilianza kuyajulia Mpanda, nikiwa mtoto, bila kujua kwamba ni maswali.

Mpanda ni mji wa risasi. Nasema ile metali, siyo ya bunduki. Kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba risasi Mukwamba, pamoja na shaba, fedha na dhahabu kidogo, na ni kwa ajili ya mgodi huo wakoloni walijenga tawi la reli kutoka Kaliua, kilomita kama 210 za pori, likafika Mpanda mwaka 1950. Mzigo uliopakiwa ulikuwa unga wa madini uliochujwa, ule ambao mwaka 2017 nchi nzima ilijifunza kuuita makinikia. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Baba yangu alifanya kazi pale ujana wake, na alichobaki nacho, ukiacha kikohozi na hadithi, ni bonge moja la galena alilolitumia kuzuia mlango usibamizwe na upepo.

Galena ndilo jiwe lenyewe la risasi: risasi na salfa, zito kupita unavyolitarajia, linang'aa kama limetoka kupigwa rangi. Siku moja Baba alinipa nyundo niligonge. Lilipasuka vipande, na kila kipande kilikuwa na pande bapa na pembe mraba. Nikachukua kipande nikakigonga tena, vikatoka vidogo zaidi, vyenye pembe zilezile. Baba akacheka. "Piga utakavyo, mama. Hilo halivunjiki ovyo."

Jikoni kwetu chumvi ilikuwa ya Uvinza, ile ya mawe, na nikiitandaza kiganjani niliona pembe mraba zilezile. Nilimuuliza mwalimu wa shule ya msingi, akaniambia nikaoshe mikono, na kwa kuwa galena ni risasi, hakukosea. Jibu la swali nililipata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka mingi baadaye. Mwaka 1913 mwanafizikia kijana, William Lawrence Bragg, alitumia eksirei kuonyesha jinsi atomu zinavyopangika ndani ya fuwele ya chumvi: kila atomu ya sodiamu imezungukwa na sita za klorini, na kila ya klorini na sita za sodiamu, safu kwa safu, pande zote. Galena ina mpango huohuo, ila risasi imekaa mahali pa sodiamu na salfa mahali pa klorini. Chumvi ya mboga na jiwe la sumu vimejengwa kwa ramani moja. Bragg na baba yake walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1915, na njia yao ndiyo hadi leo inayotumika kuuhoji unga wowote: wewe ni nani, na ndani umejipangaje?

Mtu akiniuliza risasi ilifikaje Mukwamba, humwambia aangalie jina la kata ya Majimoto kule Mpimbwe. Huko maji yanatoka ardhini yakifuka. Ndani zaidi, chini ya miamba mikongwe ambayo wanajiolojia duniani kote wameipa jina la kabila la Wabende, maji hayachemki hata yakipita nyuzi 200 au 300, kwa sababu uzito wa miamba unayabana. Maji ya namna hiyo yana tabia nyingine kabisa. Yanayeyusha mawe, yanabeba metali, yanapenya kwenye nyufa, na yakipoa au presha ikishuka yanaacha mzigo wake humo: kwatzi kwanza, kisha galena, na penye bahati, dhahabu. Hivyo ndivyo mishipa mingi ya madini duniani ilivyojengwa. Binadamu hakuvumbua kazi hii. Aliiga tu.

Na aliiga kwa kutumia sufuria. Mwaka 1845 mwanakemia wa Ujerumani, Karl von Schafhäutl, alichukua chungu cha presha cha aina iliyobuniwa na Denis Papin kwa ajili ya kulainisha mifupa, babu wa presha kuka tunazochemshia maharage, akaweka ndani yake silika laini na maji. Alipata fuwele ndogo sana za kwatzi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Giorgio Spezia wa Turin akakuza kubwa zaidi, kwa uvumilivu wa miezi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, wakati viwanda vya redio vilipochoka kutegemea kwatzi ya Brazili, Wamarekani waliifanya kazi hiyo kuwa ya kiwanda. Leo kipande cha kwatzi kinachopiga mapigo ndani ya saa ya mkononi kimekuzwa ndani ya mtungi wa chuma, kwa maji moto yaliyobanwa.

Mwalimu wangu mwingine hakuwahi kusikia majina hayo. Bibi mzaa mama alikuwa mfinyanzi. Udongo aliupima kwa mdomo: anachukua kidogo, anausaga kwa meno ya mbele, anatema. Ukiwa na mchanga mkali anaukataa. "Mke mwenzangu," aliniambia, "udongo unaopiga kelele mdomoni utapiga kelele motoni." Kisha alichukua vigae vya vyungu vilivyovunjika, akavitwanga, akavichanganya kwenye udongo mpya.

Sababu niliikuta kitabuni nikiwa mtu mzima. Mchanga mwingi ni kwatzi, na kwatzi ikifika nyuzi 573 atomu zake hujipanga upya kwa ghafla na fuwele inavimba. Chungu kikipoa inasinyaa tena. Chembe kubwa za mchanga zikifanya hivyo ndani ya ukuta mwembamba wa chungu, ukuta unapata nyufa. Vigae vilivyokwisha kuchomwa vimeshamaliza ghadhabu zao nyingi, ndiyo maana vinatuliza udongo. Bibi hakuwa na kipimajoto, lakini aliijua tofauti ya chembe kubwa na ndogo, na alijua kwamba kilicho ndani ya chembe ndicho kitakachoamua mwisho wa chungu. Sioni aibu kumweka kwenye orodha ya walimu wangu wa kemia ya vitu vigumu. Baadhi ya waliokuwa na vyeti walinifundisha kidogo kuliko yeye.

Nilipokuwa narudi nyumbani likizo, tayari machimbo ya dhahabu ya wachimbaji wadogo yalikuwa yamepamba moto kuzunguka Mpanda, na karasha, zile mashine za kusagia mawe, zilikuwa zinanguruma usiku na mchana. Nilipenda kukaa mwaloni, mahali pa kusagia na kuoshea mawe, na kumtazama mwendesha karasha. Mawe yanaingia kwenye pipa la chuma lenye vyuma ndani, linazungushwa, na kila baada ya muda anafungua, anachota unga, anausugua kwa kidole gumba na cha shahada. Ukiwa mkavu kama mchanga anafunga tena. Ukiteleza, umeiva. Baada ya hapo ni maji, kialo na zebaki, halafu marudio, yaani mabaki ya unga, yanauzwa kwa wenye mitambo ya sayanaidi.

Kwa dhahabu, kidole kile kinatosha. Kwa kauri za kisasa hakitoshi hata kidogo, na hapa ndipo ninapotofautiana na msemaji wa kikao chetu. Kusaga kuna ukomo. Ukishafika kwenye maikroni moja hivi, yaani sehemu ya elfu ya milimita, chembe zinaanza kugandamana zenyewe, na mashine inakula umeme bure. Vyuma vya karasha navyo vinalika, chuma kinaingia kwenye unga. Aliyetafuta dhahabu hajali. Aliyetafuta unga safi wa kauri ameshapoteza kazi, maana chuma kidogo tu hubadilisha rangi na tabia ya umeme ya kitu kizima. Isitoshe, chembe zilizopondwa hazilingani, na fuwele zake zimejeruhiwa. Unga mwororo wa hali ya juu unapaswa kukuzwa kuanzia atomu kwenda juu.

Hilo nilikwenda kujifunza Japani. Maabara niliyopangiwa ilikuwa inatengeneza kauri ambayo jina lake refu ni risasi zikonati titanati, na kwa ufupi PZT. Nilipoona neno risasi kwenye karatasi ya kwanza niliyopewa, nilicheka peke yangu. Kauri hii ukiibana inatoa umeme. Ukiipa umeme inajinyoosha na kujikunja. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Gen Shirane na wenzake mjini Tokyo walichora ramani ya jinsi mpangilio wa fuwele zake unavyobadilika kadiri unavyobadilisha kiasi cha zikoni na titani. Mwaka 1954 Bernard Jaffe na wenzake nchini Marekani wakaonyesha nguvu yake kubwa ya kugeuza msukumo kuwa umeme. Sisemi risasi ya Mukwamba ilifika Tokyo au Washington. Nasema miaka ni ileile. Wakati Baba anapakia mzigo kwenye mabehewa, wenzetu walikuwa wanauliza risasi ikikaa jirani na zikoni na titani itafanya nini.

Njia ya zamani ni kuchanganya oksidi tatu za unga na kuzichoma kwenye nyuzi 850 hivi. Tatizo ni kwamba risasi huanza kutoroka kama mvuke wakati wa joto kubwa. Mchanganyiko unaharibika na hewa inakuwa sumu. Njia ya maji moto inapita chini ya tatizo hilo. Unayeyusha chumvi za risasi, zikoni na titani, unaongeza alkali kali ya potasiamu, unamimina kwenye kikombe cha teflon kilicho ndani ya otoklevu, chupa nene ya chuma yenye kifuniko cha kukaza kwa skrubu. Hujazi hadi juu. Theluthi mbili hivi, kwa sababu maji yakipashwa yanatanuka, na otoklevu iliyojaa pomoni ni bomu. Unaiweka kwenye tanuri, nyuzi 200. Humo ndani presha hufika kama mara 15 ya ile ya hewa tunayovuta. Unakwenda kulala.

Kinachotoka asubuhi, baada ya kupoa, ni maji yaliyotulia juu na unga wa manjano hafifu chini. Unauosha mara nyingi hadi alkali iishe. Maji ya kuoshea hayamwagwi sinkini. Yana risasi, yanakwenda kwenye dumu lenye lebo. Ukiuweka unga huo chini ya hadubini ya elektroni, unaona chembe ndogo zenye pande bapa na pembe mraba. Siku ya kwanza kuziona niliwaza sana bonge la mlangoni kwetu, ingawa mpango wa atomu ni mwingine.

Umbo la nje halikumridhisha profesa wetu. Lazima eksirei iseme. Mashine inapiga unga mwali huku ikigeuza pembe polepole, na karatasi inaonyesha vilele. Kwa PZT sote tulikuwa tunakodolea macho sehemu moja, karibu na nyuzi 44 na 45. Hapo kikitokea kilele kimoja, fuwele zimeegemea upande mmoja wa ramani ya Shirane. Kikipasuka kuwa viwili, zimeegemea upande wa pili, fuwele zimerefuka kidogo kwenda juu. Zikoni ikiwa 52 na titani 48 hivi, aina zote mbili zinakaribia kukaa pamoja, na hapo ndipo kauri inapokuwa na nguvu kuliko kwingine kote. Tofauti ya urefu tunayoizungumzia ni ndogo kuliko upana wa atomu moja. Kwenye tofauti hiyo watu wamejenga viwanda.

Kuna mwanafunzi mwenzetu aliyewahi kupata unga mzuri ajabu. Vilele vimesimama, chembe zinalingana. Profesa akamwomba daftari. Kiwango cha kupandisha joto hakikuandikwa, na alkali ilikuwa ya chupa ambayo tarehe yake ya kufunguliwa haikujulikana. Profesa akaurudisha unga mezani akasema kwamba kisichoweza kurudiwa hakipo. Nilimwona mkatili. Leo nawaambia wanafunzi wangu maneno hayohayo, na bila shaka na wao wananiona hivyo. Ukinunua tani mia za unga kwa ajili ya kiwanda, hununui unga. Unanunua uhakika kwamba tani ya mia ni sawa na ya kwanza.

Miaka michache iliyopita nilimsindikiza binti wa dada yangu kliniki ya wajawazito, Mpanda. Muuguzi alimpaka jeli, akashika kile kichwa cha mashine ya ultrasound akakipitisha tumboni, na kioo kikaonyesha mtoto ananyonya kidole. Ndani ya vichwa vingi vya mashine hizo kuna safu ya vipande vyembamba vya PZT, vinavyotetemeka mara milioni kadhaa kwa sekunde, vikituma sauti isiyosikika na kupokea mwangwi wake. Zaidi ya nusu ya uzito wa kauri hiyo ni risasi. Ukipiga hesabu unapata asilimia 64 hivi. Risasi kwenye soko la dunia huzungukia dola 2,000 za Marekani kwa tani, na huuzwa kwa uzito. Hakuna hospitali inayonunua mashine ya ultrasound kwa kilo.

Isidhaniwe nataka Mukwamba ifunguliwe kesho. Kabwe, Zambia, mgodi wa risasi ulifungwa mwaka 1994 na hadi leo watoto wa mji ule wanakutwa na risasi kwenye damu. Na duniani kuna mbio za kuiondoa risasi kwenye kauri hizi. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walitangaza kauri ya potasiamu, sodiamu na niobi iliyokaribia nguvu ya PZT. Unga wake nao unaweza kukuzwa kwa maji moto: oksidi ya niobi ndani ya mchanganyiko wa alkali mbili, nyuzi 200 hivi. Ni kazi yenye ukaidi, maana fuwele zenye sodiamu hupenda kuwahi kuzaliwa na kuiacha potasiamu nje. Sasa, niobi iko wapi? Iko Panda Hill, Mbeya, siku moja ya barabara kutoka kwetu. Hadi ninapoandika bado haijaanza kuchimbwa kibiashara. Hii ina maana kwamba tuna muda wa kujiandaa, kama tukitaka.

Wala tusijidharau. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alishinda tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015 kwa chujio la maji linalotumia mchanga na chembe za nano. Kituo cha madini cha Kunduchi, Dar es Salaam, kimekuwa kikitengeneza vyungu vidogo vya kupimia dhahabu kwa moto, kauri inayotumiwa na maabara na kutupwa. Udongo mweupe wa Pugu umekwisha kufanyiwa utafiti mwingi vyuoni kwetu, ukiwemo wa kuugeuza zeolaiti kwa njia hiihii ya maji moto. Watu tunao. Wanachokosa ni mashine ya eksirei iliyo karibu, fundi anayejua kuitunza, umeme usiokatika katikati ya usiku otoklevu ikiwa motoni, na bosi anayekubali kwamba daftari la kumbukumbu za tanuri ni mali ya kampuni sawa na lori.

Kwa hiyo rai yangu kwa viongozi wa mkoa wetu wa Katavi na kwa wenzangu wa soko la madini ni hii: mkoa unapopanga fedha za kuongeza thamani, fungu la kwanza liende kwenye maabara ya kupima unga na kwenye mishahara ya vijana watakaoiendesha. Karasha mpya zinunuliwe baada ya hapo.